Mwanamke Mlangoni pa Tanuri

Mjukuu wangu alinionyesha juzi mchezo kwenye simu yake, kijana wa Kichina mwenye upanga unaowaka moto wa buluu, akaniuliza kwa Kiingereza kama kazi yangu ya zamani ilikuwa hiyo. Nilimjibu kwa Kiswahili, maana najua anasikia ila mdomo ndio mvivu. Nilimwambia hapana, panga zetu hazikuwaka, ila ziliniunguza nyusi, na mmoja nusura univunjie ndoa. Akacheka. Wenzake wa kwaya pale kanisani Bertrams wakataka kusikia, na kwa kuwa siku hizi nasahau nusu ya maneno kabla chai haijapoa, nimeamua kuwaandikia. Someni polepole. Neno msilolijua waulizeni mama zenu, msiiulize simu.

Mimi ni mtu wa Likasi, kule Katanga, nchi ya shaba. Hapa Johannesburg nilianza kama wengi wetu, nikawa mlinzi wa duka la viatu, nasimama mchana kutwa nikivitazama viatu vya watu. Mke wangu, huyu mnayemwita Mama Furaha, alikuwa na kiti chake cha kusukia katika saluni moja ya Joubert Park. Siku moja mkasi wake ukawa butu, akanituma nikaunoe kwa fundi mmoja wa Kichina aliyekuwa na karakana Bertrams. Nilikwenda kunoa mkasi, nikabaki huko mpaka mvi zikaniota.

Fundi mwenyewe tulimwita Mzee Liang. Alikuwa mfupi, mkavu, na kofia ya sufu aliyoivaa kiangazi na kipupwe. Alitengeneza panga kwa vyuo vya kung'fu na kwa vikundi vya ngoma za Kichina, na alinoa visu vya wapishi wa mikahawa. Chuma chetu kilikuwa spring za magari makuukuu. Msicheke. Spring ya gari ni chuma kilichokwisha kuzoea mateso, ukikipasha moto kwa adabu kinakutii.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kisu kipana cha mpishi mmoja. Nilikisugua tangu asubuhi, msasa juu ya msasa, hata nikawa najiona uso mzima ndani yake, nikajivuna kama niliyekiumba. Mzee Liang alichukua nyanya, akakijaribu. Kisu kikateleza kama mtu aliyekanyaga ganda la ndizi.

"Umekiogesha," akaniambia. "Sasa kinoe."

Tuliongea Kiingereza cha kuokoteza, yeye cha kwake na mimi cha kwangu, na Kizulu kidogo cha sokoni. Ajabu ni kwamba tulielewana kuliko nilivyowahi kuelewana na wenye duka la viatu, ambao Kiingereza chao kilinyooka.

Alinifundisha kuusoma moto. Chuma kikiwa na rangi ya papai lililoiva, kitoe. Kikifika rangi ya jua la mchana umechelewa, umekiua. Lakini mwanga wa nje hudanganya macho, kwa hiyo madirisha ya karakana tuliyafunika magunia tukafanya kazi gizani saa sita mchana, na wapita njia wakadhani tunaficha magendo. Alinifundisha pia kwamba chuma cha spring kinazimwa kwenye mafuta, si kwenye maji. Hilo nililisahau mara moja tu. Nilitumbukiza upanga uliokwisha kufuliwa vizuri ndani ya ndoo ya maji, ukalia "ta!" na ukapasuka kutoka ncha hadi katikati. Mzee Liang hakugomba. Alivua kofia yake, akasimama kimya, kama tufanyavyo msafara wa mazishi ukipita. Afadhali angenitukana.

Tukiwa tunanoa, alisimulia. Kunoa ni kazi ya masikio matupu, mikono inajua njia yenyewe. Ndipo nilipomjua Ou Yezi, mhunzi mkuu wa Wachina wa kale, ambaye alipotaka kumfulia mfalme wa Yue panga zake, mlima ulipasuka ukatoa bati na kijito kikakauka kikaonyesha shaba. Panga tano alizitoa, kila mmoja na jina lake. Mmoja ulikuwa mfupi sana, hata mpishi mmoja aliweza kuuficha ndani ya samaki wa kuchoma, akampelekea mfalme mwingine mezani, na mfalme yule hakumaliza mlo. Hadithi hiyo niliwasimulia wanangu siku ya sikukuu, tukiwa na sato mkubwa mezani. Furaha, binti yangu, hakula samaki kwa mwaka mzima bila kumpekua kwanza kwa uma, na leo hii mama mtu mzima bado namwona anachungulia.

Sasa niwaambie jambo lililokuwa langu mimi, si la Mzee Liang. Babu yangu mzaa baba alikuwa wa ukoo wa wayeyusha shaba, wale waliomimina misalaba ya shaba iliyotumika kama mali na mahari zamani, kabla ya kampuni za Wazungu. Mimi sikuiona kazi hiyo, nilikuta hadithi tu. Lakini mwiko wake niliukuta mzima: mwanamke hakaribii tanuri. Siku za kuyeyusha, wanaume walilala mbali na wake zao, na chakula kiliachwa njiani. Mwanamke akifika motoni, shaba inakasirika, haitoki. Mimi ni Mkristo, nimebatizwa, nasali. Hata hivyo Mama Furaha alipoleta chakula karakana, miaka yote hiyo, alikiacha mlangoni akaita, nami nikatoka. Hakuuliza. Alidhani ni mila ya Wachina. Mzee Liang naye alidhani ni mila ya kanisa letu.

Tuliishi hivyo kwa raha hadi jengo lilipouzwa. Mwenye jengo mpya alitaka kuvunja ndani na kugawa vyumba vya kupangisha, akatuambia kipupwe kikiisha tuwe tumetoka. Kufikia wakati huo macho ya Mzee Liang yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Rangi ya moto alikuwa akiniuliza mimi. Mwanawe aliyeko nyumbani China alikuwa amemwandalia chumba, na kila simu alimwambia rudi, baba, rudi.

Jioni moja alifunga mlango, akaniambia jambo ambalo nadhani hakuwahi kumwambia mtu. Baba yake alikuwa mhunzi. Alipoondoka nyumbani kijana, baba yake alimwambia kwamba mtu anayefua vyuma vya wenzake si mhunzi, ni mtengeneza viraka. Mhunzi ni yule anayemimina upanga wa shaba na bati, wa makali mawili, kama wa wazee wa Yue, na ukatoka mzima. Mzee Liang alikuwa amefua panga zisizohesabika, lakini huo hakuwahi kuumimina. Alitaka mmoja tu, mzima, kabla karakana haijafungwa. Asipoupata, alisema, atapanda ndege akiwa mtengeneza viraka.

Nilimwambia tutaumimina. Niliona jinsi alivyokuwa akishika ukingo wa meza asijikwae, nikasema tutaumimina, bila hata kujua tunaanzia wapi.

Tulianzia kwenye nta. Unachonga upanga kwa nta, unaupaka udongo laini, kisha udongo mzito, unaacha ukauke, unauoka, nta inayeyuka na kutoka, na ndani panabaki nafasi yenye umbo la upanga. Hiyo ndiyo kalibu. Halafu unayeyusha shaba nyekundu, unaongeza bati, si bati la kuezekea nyumba, lile jeupe laini, na unamimina. Bati likiwa kidogo upanga unapinda, likizidi unavunjika kama sahani. Wazee wa Yue walikuwa mafundi kweli. Waliweza kumimina kiini chenye bati kidogo kisha makali yenye bati jingi juu yake, upanga mmoja, tabia mbili. Sisi tulitaka tabia moja tu.

Mivukuto hatukuwa nayo. Katika hadithi za Mzee Liang wavulana na wasichana mia tatu walipuliza moto. Sisi tulikuwa na mashine ya kukaushia nywele, kuukuu, ya Mama Furaha, tuliyoifunga kwenye bomba la chuma. Ilivuma vizuri kabisa.

Upanga wa kwanza ulitoka na matundu kama mkate. Wa pili ulikatika tulipovunja udongo. Mwingine ulitema shaba juu kwa mlio, na hapo ndipo nyusi zangu zilipokwenda. Kila mara Mzee Liang alipapasa vipande kwa vidole, akavirudisha chunguni. Kipupwe kilikuwa kinakwisha.

Ndipo akanisimulia habari za Gan Jiang na Mo Ye, mume na mke. Mfalme wa Wu alimtaka Gan Jiang afue panga mbili. Alikusanya chuma bora cha milima mitano, akangoja hali ya hewa njema, akapuliza, na chuma kikagoma kuyeyuka. Miezi ikapita. Mkewe, Mo Ye, akasema kitu kitakatifu hakigeuki bila mtu kujitoa. Akakata nywele zake na kucha zake, akazitupa tanuruni, na chuma kikayeyuka. Panga mbili zikatoka, dume na jike, zikaitwa kwa majina yao. Wengine husema aliruka mwenyewe motoni, lakini Mzee Liang hakuipenda hiyo.

"Tunakosa mwanamke," akamaliza. "Mke wangu ni marehemu. Mwite wako."

Eti nimwite! Nikamwona babu yangu akiamka kaburini. Lakini nywele peke yake si mwanamke, nikajiambia, na nywele saluni zimejaa sakafuni. Asubuhi nikapita Joubert Park kabla wateja hawajafika, nikamwambia yule dada anayefagia nitamtupia taka leo, nikaondoka na mfuko mzima. Nilijiona mjanja kuliko babu na Mchina kwa pamoja.

Vijana, nyinyi mnajua kinachofagiliwa kwenye saluni ya Kikongo. Mimi, mume wa msusi, sikujua. Nusu ya mfuko ule ilikuwa nywele za bandia. Nilipoutia tanuruni ulitoka moshi mweusi mzito wenye harufu ya ndoo inayoungua, shaba ikafunikwa na utando kama lami, na sisi wawili tukatoka nje mbio tukikohoa. Mlinzi wa jengo la pili, kijana wa Soweto, akapiga kelele, "Eish, madala, wazee wangu! Mnachoma matairi?" Mzee Liang akaniuliza kwa utaratibu, huku akifuta machozi, mwanamke mwenye nywele hizo ni mtu wa namna gani.

Hilo lingeishia kuwa kichekesho. Lakini yule dada mfagiaji alikuwa ameuliza taka zimekwenda wapi, na mlinzi alikuwa amesimulia moshi, na habari hizo mbili zikakutana barabarani. Mnajua watu wetu na nywele zao. Nywele zako zikiangukia mikononi mwa mtu, ameshika kichwa chako. Kufikia Jumamosi ilisemwa Joubert Park nzima kwamba Mama Furaha anapeleka vichwa vya wateja kwa Mchina akavichome. Kiti chake kikabaki kitupu.

Alinisubiri nyumbani, mikono kiunoni.

"Baba Furaha, weye! Nywele ya batu unapeleka mu moto?"

Nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza: jengo, macho ya mzee, maneno ya baba yake, Mo Ye, na babu yangu na mwiko wake. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikadhani atauliza habari za shaba. Akauliza habari za Gan Jiang.

"Na ile bwana yake, yeye alifanya nini? Alisimama tu kuangalia?"

Nikajikuna mahali zilipokuwa nyusi zangu.

"Kesho nitaenda kule mi mwenyewe," akasema. Nikamtajia babu. "Babu yako alikufa, Mungu amuhurumie. Ile muzee ya China iko hapa, inalia. Na mi niko hapa."

Asubuhi nilitembea nyuma yake toka Bellevue hadi Bertrams, na pale mlangoni, mahali alipokuwa akiacha chakula, nilisimama nikamshika mkono. Niliogopa kweli. Niliwaza, mwiko ukivunjika na shaba ikakataa tena, atakuwa amepoteza wateja wake na Mzee Liang atakuwa amepoteza upanga wake, vyote kwa ajili yangu. Alinitazama tu mpaka nikamwachia. Akaingia.

Mzee Liang alisimama akavua kofia. Mama Furaha akamsalimia kwa heshima zote za kwetu, kwa Kiswahili, naye akajibu kwa Kichina, na sikuona haja ya kutafsiri. Kisha mke wangu akazunguka karakana akigusagusa vitu kama mama aliyeingia jikoni kwa mkwewe. Alifika kwenye kalibu mpya, ile ya mwisho, maana udongo mzuri ulikuwa umetuishia. Akaiwekea mgongo wa mkono. Akaiwekea shavu. Akainusa.

"Hii iko mubichi ndani."

Nilimwambia imeokwa, imekauka, aione ilivyo nyeupe. Akaniambia kichwa cha mteja nacho hukauka juu ukadhani kimekwisha, ukishika mizizi unakuta maji, na baridi ya Johannesburg ni kavu, inadanganya, inafunga ngozi ya juu upesi na unyevu unabaki ndani umefungiwa. Mzee Liang alinitaka nimtafsirie mara mbili. Kwao, alisema, hewa ni ya majimaji, udongo hukauka taratibu kwa pamoja, ndani na nje. Alikuwa akiuhesabia udongo wa huku kama udongo wa nyumbani kwake, kumbe shaba ilikuwa ikitema kwa kukuta maji ndani.

Mama Furaha akaing'oa mashine yake kwenye bomba letu, akatuonya kwamba ilitengenezwa kukausha, si kupika, akaielekeza kwenye kalibu. Akaamuru makaa machache chini, tusizidishe. Alikuja kila siku kuiwekea shavu. Kiti chake cha saluni kilikuwa kitupu vilevile, kwa hiyo nafasi alikuwa nayo.

Siku aliyosema sasa, alikuja na mkasi wake. Akafungua kitambaa. Nywele zake wakati ule zilikuwa ndefu, nyeusi, zake mwenyewe, na kichwa cha msusi ndicho kibao cha duka lake. Alizikata karibu na ngozi bila kuangalia kioo, akazitia chunguni kwa mkono wake, mimi nikipepea kwa kibao cha kupepea mkaa kama mwehu kwa sababu mashine ilikuwa bado kwenye kalibu. Shaba ilichemka rangi ya kijani pembeni. Nikamwambia Mzee Liang rangi, akasema mimina, nikamimina. Haikutema. Haikulia. Ilishuka kimya, kama uji ndani ya kikombe.

Nywele au ukavu? Tulibishana hadi siku ya mwisho. Mimi nasema ukavu. Mzee Liang alisema Mo Ye. Jumapili ile Mama Furaha alikwenda kanisani kichwa wazi, akawaambia wanawake kwamba zilizoungua makusudi ni za kwake peke yake na anayezitaka akazitafute. Wengine walirudi kwenye kiti chake, wengine mpaka leo wanasuka kwingine.

Siku hizi napita pale nikienda kanisani. Ni vyumba vya kupangisha, kila dirisha na pazia lake, na panga za vyuo vya kung'fu zinaagizwa kwa simu na kukatwa na mashine, zote sawa, hakuna wenye jina. Mzee Liang alirudi kwao, na baadaye mwanawe alinipigia kuniambia amepumzika. Nasimama kidogo barabarani, watu wananipita. Namkumbuka sana. Nawakumbuka hata wale wapishi na visu vyao, na giza lile la saa sita mchana nyuma ya magunia.

Lakini ninayotaka mjue ni siku tuliyouvunja udongo. Upanga ulitoka kipande kimoja. Niliupiga tupa, nikaupiga msasa, nikaunoa siku nzima, safari hii bila kuuogesha. Mzee Liang akaupeleka mlangoni penye mwanga, akaketi, akaulaza mapajani. Macho hayakuweza tena. Akanieleza kwamba mfalme wa Yue alikuwa na mtu aliyesoma panga. Zililetwa panga mashuhuri mbele yake, na alizikataa nyingine mbele ya mfalme mwenyewe, kwa ila ndogo tu, halafu akauona mmoja akaanguka chini kwa mshtuko wa uzuri wake.

"Nisomee," akasema. "Usinipambe."

Nikamsomea. Nikamwambia mgongo wake umenyooka. Rangi yake ni ya asali ya kwetu, ile nyeusi ya msituni. Kwenye makali kuna mawimbi madogo, kama maziwa yakianza kuganda. Ncha imekaa sawa.

"Endelea."

Mama Furaha alinitolea macho nyuma ya bega la mzee, akitikisa kichwa chake kilichonyolewa. Lakini mzee alikuwa ameniomba nisimpambe.

"Kuna kishimo," nikasema. "Karibu na mshikio. Kama mbegu ya ufuta."

Alikitafuta kwa kidole, polepole, akakipata. Kidole kikabaki pale. Nilijichukia wakati ule, nasema kweli. Kisha akaniuliza kama najua Gan Jiang alivyokufa. Nikasema hukunisimulia. Akasema mfalme alipoupokea upanga aliugeuza huku na huku asione ila yoyote, ndipo akaamuru fundi auawe, asije akamfulia mfalme mwingine upanga ulio sawa na huo.

"Huu, mfalme angeukataa," akasema. "Angemfukuza fundi arudi kwa mkewe."

Akaanza kucheka, na Mama Furaha bila kuelewa neno akacheka naye, mimi nikawa nalia. Mzee Liang akausimamisha upanga mbele ya uso wake, akaugonga kwa ukucha, akauwekea sikio mpaka sauti ikaisha yenyewe.

"Mzima," akasema.